Mabawa ya Kinu cha Paka

Ijumaa asubuhi, Lubbert Wiggers hajamaliza hata mkate wake na jibini, Machtelt Tuynman alikwisha simama kwenye mlango wa ukumbi wa mji wa Haarlem, mikono kiunoni, kama mtu aliyekuja kudai sufuria aliyomwazima jirani. Lakini hakuja kudai sufuria. Alikuja kudai shingo ya mtu.

"Bwana Lubbert, baraza linakaa saa ngapi?"

"Saa nane, dada."

"Na kamba je?"

"Kamba haina saa."

"Basi mwambieni mnyongaji aipake sabuni mapema. Nimesubiri vya kutosha, sitaki ije ikwame."

Lubbert alikuwa mpelelezi wa mji, mfupi, mwenye kitambi cha bia na macho ya mtu aliyenyimwa samaki. Ujanani alikuwa mwanafunzi wa mchoraji mmoja, akafukuzwa mwaka wa pili kwa sababu ng'ombe wake walifanana na meza. Aliporudi kujitetea, mwalimu akamwonyesha kwamba na meza zake zilifanana na ng'ombe. Tangu siku hiyo akaamua kutafuta wahalifu, maana hao hawahitaji kuchorwa, wanahitaji kukamatwa tu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne saa saba mchana, kaka yake Machtelt, Barent, mchoraji wa mandhari, alikutwa amekufa chini ya tuta la kuzuia maji la Spaarndam, kichwa kimepasuliwa, mkoba wake wa michoro uko wazi na mtupu. Alhamisi, mji ulipokuwa ukimzika mzee Teunis, mwenye Kinu cha Paka, kinu cha upepo cha kusagia unga kule kijijini Overveen, Machtelt alipasua kundi la waombolezaji akamnyooshea kidole Huyg, mtoto wa marehemu, kamba ya kuteremshia jeneza la baba yake ikiwa bado mkononi. Akala kiapo mbele ya mwandishi wa baraza, vidole viwili juu, kwamba Jumanne saa tano alimwona Huyg tutani na rungu. Huyg akapelekwa gerezani na udongo wa kaburi kwenye viatu.

Na sababu ilikuwepo. Barent alimwahidi ndoa dada yake Huyg, halafu akaendelea kuahidi na kwingine. Huyg aliapa mbele ya walevi wote wa mji kwamba ipo siku atamvunja ule mkono wake wa kushoto, ambao Barent alikuwa akiuchorea.

"Lile rungu lake tumelikagua," Lubbert alisema. "Damu ni ya nguruwe wa matanga. Majirani wanane walimwona akichinjwa."

"Kwa hiyo Huyg ameua wawili."

"Anasema Jumanne alikuwa ndani, anakesha na maiti ya baba yake."

"Maiti haitoi ushahidi."

"Sawa. Lakini mkoba, Machtelt. Ule mkoba ulikuwa mtupu. Mtoto wa msaga unga anataka michoro ya nini? Huyg ukimpa karatasi atafungia jibini."

Machtelt alimtazama kutoka juu hadi chini, safari isiyo ndefu. "Bwana Lubbert, mimi namtaka aliyemuua kaka yangu. Mambo ya jibini utanieleza baadaye."

"Ndiye ninayemtafuta na mimi."

"Una mpaka saa nane," alisema, akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyepanga hapo.

*

Lubbert alifuata karatasi. Mtu anayeiba mchoro ni mtu anayejua mchoro, na hasimu wa Barent ndani ya chama cha wachoraji alikuwa mmoja tu, Pouwels Schrevel, aliyeishi chumba cha juu karibu na soko la samaki. Wawili hao walikuwa hawasalimiani tangu sikukuu ya chama.

Chumba kilinukia wino na karatasi mbichi. Dirishani palikuwa na mashine ndogo ya mbao ya kugandamizia karatasi, na vitambaa vyake vya sufi vilikuwa bado na unyevu.

"Karibu, afisa," Pouwels alisema. Alikuwa mrefu, msafi, kola yake nyeupe kuliko dhamiri ya mtoto mchanga. "Bado unachora zile meza zenye mikia?"

"Siku hizi naandika majina, ndugu yangu. Mnyongaji ndiye anayemalizia mchoro. Jumanne saa tano ulikuwa wapi?"

Pouwels hakubabaika. Alifungua kabati, akatoa karatasi moja, akaiweka mezani kwa adabu kama mtu anayelaza mtoto.

"Overveen. Tangu asubuhi mpaka saa sita. Hiyo hapo, jisomee."

Ulikuwa mchoro mzuri, tena mzuri wa kuudhi. Kinu cha Paka kilisimama katikati kikimtazama mtu usoni, nyuma yake vilima vya mchanga, mbele yake uwanja wa kung'arishia kitani, vitambaa vyeupe vimetandazwa juu ya majani mstari kwa mstari. Mwanamke mmoja mrefu, amevaa kofia ya kiume, alikuwa akimwagia kitani maji ya mtaroni kwa upawa wa mpini mrefu. Vyote vilichorwa kwa chaki nyeusi, halafu juu yake pakapitishwa brashi ya wino uliozimuliwa kwa maji mpaka ukawa kijivu, na kivuli cha wingu kikawa kinatambaa uwanjani.

"Nani alikuona?"

"Wafuaji huangalia kitani, hawaangalii wachoraji. Karatasi ndiyo iliyoniona. Ukitaka tarehe, tazama vitambaa. Jumatatu dhoruba, Jumatano dhoruba, na upepo wenyewe mpaka leo haujatulia. Wiki hii nzima kitani kimetandazwa siku moja tu."

Ilikuwa kweli, na Lubbert alijua. Kutoka Overveen hadi tuta la Spaarndam ni karibu saa mbili kwa miguu ya kawaida, na kwa miguu ya Lubbert ni safari ya kufungasha chakula. Aliyechora Overveen mpaka saa sita hakuweza kuua Spaarndam saa tano.

Alipitisha kidole juu ya anga la mchoro, akakitazama. Kidole kilikuwa safi.

"Chaki yako haichafui."

"Naipitisha kwenye maji ya gundi."

"Niazime, nikawaonyeshe wazee wa baraza. Tukufute kabisa kwenye orodha."

"Chukua," Pouwels alisema, akamfungulia mlango. "Ila usiwasaidie kuielewa. Watadhani ni meza."

*

Lubbert alifika darajani akiwa karibu ameridhika. Akasimama kupumua, na kwa kuwa kupumua peke yake kunachosha, akaitazama tena karatasi. Hapo ndipo mabawa ya kinu yalipomkamata.

Katika nchi ile kinu kikisimama kinasema. Bawa la chini likisimamishwa kabla halijafika chini kabisa, kuna harusi au mtoto amezaliwa, watu wanakuja kunywa. Likisimamishwa baada ya kupita chini, kuna msiba, watu wanavua kofia. Tangu Jumatatu alfajiri hadi mazishi ya Alhamisi, Kinu cha Paka kilikuwa kikimlilia mzee Teunis. Lubbert mwenyewe alikivulia kofia Jumanne jioni, na bawa la chini lilikuwa limepita mlango, liko upande wa kulia.

Kwenye mchoro lilikuwa upande wa kushoto, halijaufikia mlango. Kinu kilikuwa kinashangilia, na mwenyewe amelazwa juu ya mbao ndani.

Basi si Jumanne? Lakini kitani kilisema Jumanne, na kitani hakikuwa na sababu ya kudanganya. Kinu nacho hakikuwa na sababu. Mashahidi wawili waaminifu wanaopingana. Lubbert alifikiria kidole chake safi. Akafikiria ile mashine dirishani na vitambaa vyake vibichi. Kisha akaingia kwa kinyozi wa jirani, akachukua kioo kilichokuwa mbele ya uso wa mteja mwenye povu nusu shavu.

"Narudisha sasa hivi, jirani. Usimkate."

Ndani ya kioo, Kinu cha Paka kilikuwa msibani.

Miaka yake miwili ya ng'ombe na meza haikupotea bure. Wachoraji wa Haarlem wana desturi: ukichora kwa chaki, unalowesha karatasi nyingine kidogo, unailaza juu ya mchoro, unagandamiza. Ya pili inaamka na picha ileile ila imegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto, na chaki yake ni nyembamba, haichafui kidole. Wengi hufanya hivyo wapate michoro miwili kwa jasho moja. Pouwels alitaka jambo jingine. Mistari ya kivuli ya Barent ililala kushoto, kama ya kila anayechorea mkono wa kushoto, na mji mzima uliijua. Ukiigandamiza, inalala kulia. Mkono wa marehemu unakuwa mkono wako. Halafu unamwaga kijivu chako juu, kazi imekwisha.

Aligeuza mkono wa Barent, asikumbuke kwamba kinu nacho kimegeuka.

*

Machtelt alikuwa bado pale kwenye ngazi.

"Umeleta kioo," alisema. "Unataka nijitengeneze kwa ajili ya kunyongwa kwa Huyg?"

"Tazama hii karatasi, humu ndani ya kioo. Usiseme kitu kwanza."

Alitazama. Kidole chake kinene, kilichochubuliwa na maziwa machachu na majivu ya kufulia, kilifuata mistari hewani bila kuigusa.

"Huyu ni Barent," alisema polepole. "Hivi ndivyo anavyokwaruza. Kama paka anayetaka kufunguliwa." Akaikaribia karatasi. "Nani amemwagia haya matope?"

"Pouwels Schrevel. Anasema ni yake, aliichora Jumanne."

Machtelt aliinuka. Lubbert akamshika mkono wa nguo, na kwa kweli aliburutwa hatua tatu kabla hajasimama.

"Bado. Huyu mwenye kofia ni nani?"

Machtelt aligeuza uso kutoka kwenye kioo.

"Machtelt. Nani Overveen anamwagia kitani huku amevaa kofia ya kiume?"

"Mimi. Ni kofia ya Barent. Kila mchoro ananiweka, anasema nampunguzia kazi ya kuchora mti." Alicheka mara moja, kicheko kikakatika. "Alinichora, akaondoka saa tatu. Alisema anapitia Spaarndam."

"Basi Jumanne saa tano ulikuwa uwanjani."

"Ndiyo."

"Na tutani ulimwona nani?"

Machtelt alitazama farasi wa mtengeneza bia akipita, akamsindikiza mpaka kona.

"Nilijua ni Huyg," alisema. "Nilikuwa na hakika. Nyinyi mlikuwa mnasuasua, mara rungu, mara nguruwe. Niliusaidia ukweli kutembea."

"Ukautumbukiza mferejini. Yule kijana alitolewa kaburini kwa baba yake."

"Nimesikia, Bwana Lubbert."

"Basi sikia na hili. Sheria yetu hainyongi mtu bila shahidi wa macho aliyeapa au kinywa chake mwenyewe kukiri. Karatasi na kioo havitoshi. Na Pouwels si mtu wa kukiri, ni mtu wa kujisifu. Barent alimfanya nini?"

"Siku ya sikukuu ya chama. Barent alichukua chaki akachora ukutani bata mwenye kola nyeupe, amekaa ndani ya bakuli la wino, akaandika: Pouwels hachori, anaoga. Walicheka mpaka mtu akaanguka kwenye benchi. Mpaka leo wanamwita Bata."

"Loo."

"Nipe robo saa naye."

"Hutamgusa."

"Wala simgusi. Nitaongea naye tu."

*

Saa sita walipanda ngazi za Pouwels watatu: Lubbert, Machtelt, na mzee Sybrant Loos, mwandishi wa baraza, aliyepanda na kiti chake, wino wake na malalamiko ya magoti yake. Lubbert alimwomba jambo moja tu: aandike kila neno, asiulize kitu.

"Wazee wameipenda kazi yako," Lubbert alisema, akaiweka karatasi mezani. "Mzee Sybrant ameletwa aorodheshe. Dada huyu amekuja kuitambua kofia yake."

Pouwels aliinamisha kichwa. "Pole kwa msiba, Machtelt."

"Asante, jirani." Machtelt alikaribia meza, kwa sauti laini ambayo Lubbert hakuwahi kuisikia. "Ni nzuri. Nilikuwa nadhani hujui chaki. Watu ni waongo. Hiki kinu, haya majani, mtu angesema ni mkono wa mtu mzima kabisa."

"Nimejifunza miaka ishirini."

"Inaonekana. Sasa ungeacha hapo. Kwa nini umeimwagia uchafu?"

"Uchafu?"

"Haya maji ya kijivu. Kama mtu aliyeoshea miguu. Mzee Sybrant, wewe unaonaje?"

Mzee Sybrant, aliyeambiwa asiulize, hakuambiwa asijibu. "Kweli imelowa kidogo," alisema.

Shavu la Pouwels lilipata rangi. "Hayo ndiyo mchoro wenyewe. Hicho ni kivuli cha wingu. Bila hicho una uwanja na nguo tu."

"Mimi naona chaki nzuri imezama," Machtelt alisema. "Chaki inaomba msaada, jirani. Kama kuku aliyetumbukia kwenye supu. Aliyechora hiki kinu alijua kazi, halafu akaja bata akaoga juu yake."

"Hujui unachosema."

"Najua ninachoona. Chaki ni ya fundi. Maji ni ya mpumbavu."

"Ile chaki ilikuwa mifupa mitupu," Pouwels alisema, na sasa alikuwa amesimama. "Imekauka kama mkate wa juma lililopita. Mimi ndiye niliyeipa hewa. Mimi ndiye niliyeipa mchana. Yeye maisha yake yote hakuweza kuchora wingu, alikuwa anacheka tu, anacheka na kukwaruza, na haya mawingu ni yangu."

Kalamu ya mzee Sybrant ilikwaruza mpaka mwisho wa mstari, ikasimama.

"Nani hakuweza kuchora wingu?" Lubbert aliuliza.

Pouwels aliivuta karatasi upande wake. "Barent alinipa. Wiki iliyopita."

"Kitani, ndugu yangu. Wiki hii nzima siku moja tu, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha." Lubbert alisimamisha kioo cha kinyozi pembeni ya karatasi. "Na Jumanne Kinu cha Paka kilikuwa msibani. Angalia chako, kinashangilia. Sasa angalia humu. Ulipogeuza mkono wake uligeuza na matanga ya watu."

Pouwels alikitazama kinu ndani ya kioo kwa muda mrefu, kama fundi anayetafuta kosa kwenye kazi ya mwenzake. Alipoliona, alikaa chini.

"Nilimfuata tutani," alisema. "Nilimwomba aseme mbele ya chama kwamba alikosea. Maneno mawili tu. Akafungua mkoba akanionyesha hii. Akasema, tazama, Bata, hii haijui hata kuogelea. Nikaokota jiwe."

"Karatasi yake ya kwanza iko wapi?" Machtelt aliuliza.

"Nimeichoma."

Machtelt hakusogea. Mishipa ya mikono yake ilitokeza, ikarudi.

Mzee Sybrant alinyunyiza mchanga juu ya wino, akakohoa. "Kuna jambo, Lubbert. Haya lazima ayarudie saa nane mbele ya wazee, kwa hiari yake. Na humu kitabuni mwangu kuna kiapo cha mtu aliyemwona Huyg tutani saa tano."

Hapo Pouwels aliinua kichwa, na rangi ikaanza kumrudia taratibu. Hakuwa mjinga, alikuwa na majivuno tu.

"Kumbe," alisema. "Basi nitawaambia nilitishwa na mpelelezi aliyeshindwa uchoraji. Mchoro niliuokota njiani. Muuaji ana shahidi wake tayari, ameapa, vidole viwili. Watamwamini nani? Huyu dada mwenyewe ndiye aliyeniokoa, nimshukuru."

Lubbert hakumtazama Machtelt. Alitazama dirisha. Hilo halikuwa neno la kumsemea mtu.

"Mzee Sybrant," Machtelt alisema, "una karatasi nyingine?"

"Ninayo."

"Andika. Jumanne, tangu alfajiri hadi jioni, mimi Machtelt Tuynman nilikuwa Overveen nikimwagia kitani. Kaka yangu alinichora pale, kwa chaki, akaondoka saa tatu, mzima. Mchoro wenyewe ndio huu uliogeuzwa hapa. Tutani sikufika. Huyg sikumwona."

Mzee alishusha kalamu. "Mwanangu, kiapo cha uongo adhabu yake unaijua?"

"Naijua."

"Ni kukatwa vile vidole viwili ulivyoinua. Vya mkono wa kulia. Halafu utafukuzwa mjini. Ukitaka, nitasema sikusikia vizuri, masikio yangu yana miaka sabini."

"Masikio yako ni mazima, mzee. Andika na hilo la kiapo, weka na siku, weka na jina la Huyg, asionekane amesamehewa wakati hakukosa." Alisogea mpaka mbele ya Pouwels. "Shahidi wako wa tutani hayupo tena, na ulichokiri kimeandikwa. Sasa utawaambia nini saa nane?"

Pouwels alijaribu kucheka. Kicheko kilitoka kimelowa. "Mwanamke mwendawazimu. Mkono wa vidole vitatu utashikia nini?"

"Hakuna," Machtelt alisema. "Ila siku unapanda ngazi ya kitanzi nitakuwa mbele kabisa, na vitatu vinatosha kukupungia."